Chetezo cha Bi Maroula

Mashoga zangu wa Ijumaa, mmeniuliza kwa simu, mmeniuliza harusini, na mmoja wenu, anajijua, ameniuliza nikiwa kazini na glavu mkononi huku mtoto wa watu yuko njiani anakuja. Mnataka kujua huko Saiprasi tulifanywa nini hata Mama akarudi na tabia mpya. Nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza, kila mmoja anataka nianzie panapomfurahisha. Basi nimeandika. Someni kwa utaratibu wala msirukie mwisho.

Mabela mpaka uwanja wa ndege

Nyumba yetu mnaijua. Baba alipoijenga hapa Mabela, barabara ilikuwa bado ya vumbi, na mgeni ukimwelekeza unamwambia ahesabu nguzo za umeme. Hata hivyo mlikuja kila Ijumaa baada ya sala. Mnakula, mnakunywa kahawa, mnasema watu, halafu Mama anatoa chetezo. Mnafukiza mitandio na nywele, mnajua wakati wa kwenda umefika, mnaaga. Ndivyo tulivyolelewa sote, tangu Unguja mpaka huku Arabuni: udi ukishapita, mgeni haketi tena.

Hayo yalikwisha Baba alipofariki. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, akatoka. Lakini mlango hakuufungua. Mkipiga simu anasema mgongo unamuuma. Chetezo alikipandisha juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku, na siku moja nilipokishusha nikifute vumbi alikitoa mkononi mwangu akakirudisha pale pale. Ikapita mwaka na nusu. Mimi ni mkunga, kazi yangu ni kuwaamrisha watu wasukume, lakini Mama sikuweza kumsukuma. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu, mlango ule ufunguke kabla hajazoea kuishi nyuma yake.

Kaka yangu ndiye aliyeleta kijitabu cha safari. Siku sita katika kisiwa cha Mediterania, basi lenye kiyoyozi, mwongoza wageni, magofu, na kitu walichokiita maisha ya wenyeji. Mama hakukitazama, mpaka alipofika ukurasa wenye picha ya bibi mmoja amesimama mlangoni na sinia mkononi.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mwenyeji wetu, Mama. Safari inapita nyumbani kwake."

"Ametualika?"

Hapa nakiri kosa langu mbele yenu nyote. Niliona upenyo nikajipenyeza. "Ametualika," nikasema.

Mama alishusha pumzi. Mtu akialikwa na mtu mzima mwenzake hawezi kukataa kwa sababu ya mgongo. Siku ya pili alinituma sokoni Mutrah nikanunue halua ya zafarani, bakuli kubwa, na akaniuliza kama yule bibi ana wajukuu wangapi. Nikasema sijui. Akasema basi nichukue mabakuli mawili. Nikachukua moja, maana mizigo nilikuwa nabeba mimi.

Bahraini, saa saba

Kutoka uwanja wa Sib tuliruka vizuri. Bahraini ndipo tulipokwama: ndege ya kuendelea ilichelewa saa moja, halafu tatu, halafu wakaacha kutuambia, mpaka zikatimia saba. Mimi, mnanijua, nilikwenda kaunta mara nne, na mara ya nne yule kijana aliponiona nakuja aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta kalamu.

Niliporudi nilimkuta Mama amezungukwa. Alikuwa amefungua chupa yake ya kahawa na tende za nyumbani. Kulia kwake alikuwa mzee wa Kisudani aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, kushoto mama wa Kifilipino anayetoka kazini kwa watu, na vikombe viwili vidogo vilikuwa vikizunguka. Mama ndiye anayemimina. "Chukua tende nyengine, baba, njia ndefu," akimwambia yule mzee kwa Kiarabu. Bakuli la halua lilikuwa mapajani, halikuguswa. Hilo lina mwenyewe.

Nilisimama mbali kidogo. Mwaka na nusu sijamwona Mama akimkirimu mtu, na huyu hapa, kwenye viti vya plastiki, anauliza hali za watoto. Nikajiambia kumbe hajasahau. Nikamwombea ndege izidi kuchelewa, jambo ambalo sijawahi kuliomba maishani mwangu.

Larnaka

Mwongozaji wetu huko Saiprasi aliitwa Andri, msichana mchangamfu aliyebeba mwavuli wa manjano juu kila tulikokwenda.

"Mbona kaufungua na mvua hakuna?" Mama akauliza.

"Ili tusimpotee."

"Kwani sisi kondoo?"

Lakini siku ya pili alikuwa wa kwanza nyuma ya ule mwavuli. Kundi lilikuwa la watu kumi na wawili, wengi wazee wa Kiingereza na Kiskochi. Bibi mmoja wa Kiskochi, jina lake Jean, alitupenda tangu mwanzo akawa anatugawia peremende ndani ya basi. Chakula kilitutaabisha. Tulikuwa hatujui nyama ipi ni ya nini, basi tukaishi kwa mayai, zeituni, mkate na tikiti. Siku ya tatu Mama alisema akiona yai tena atawika.

Kando ya ziwa la chumvi kuna msikiti wa zamani kati ya mitende, na ndani yake kaburi la bibi wa zama za Maswahaba. Andri alitupa dakika ishirini. Mama alichukua arubaini. Alikaa mkekani akasoma. Nilidhani atalia, nikakaa tayari na kitambaa. Hakulia. Alitoka nje akavaa viatu akasema, "Haya, yule bibi aliyetualika, tunakwenda lini?"

Nikasema kesho. Na nilijua fika kwamba hakuna aliyetualika.

Kijijini, mara ya kwanza

Basi lilipanda mlima kwa saa nzima, kona juu ya kona. Mama alikuwa amevaa abaya yake ya sikukuu na bakuli la halua amelipakata. Tulishuka mbele ya nyumba ya mawe yenye ua, mzabibu umetambaa juu, viti vimepangwa ukutani. Aliyetoka kutupokea alikuwa bibi wa rika la Mama, mnene kidogo, amevaa nguo nyeusi tangu kichwani mpaka soksi. Jina lake Maroula.

"Si yule wa kwenye picha," Mama akaninong'oneza. Halafu akamtazama tena, akanifinya. "Thuraya! Mbona hukunambia kafiwa? Mtu yuko edani nawe wanileta mie hapa na rangi ya mdomo!"

Kabla sijajibu alishamwendea, akamshika mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili Mungu ampe subira, akamkabidhi halua. Bi Maroula hakuelewa hata neno, lakini alilipokea lile bakuli kwa mikono miwili akalibusu kifuniko, akaingia nalo ndani.

Tukakaa. Andri akaeleza ratiba: tutaoneshwa jibini linavyotengenezwa, tutaonja vitamutamu, tutakunywa kahawa. Mama aliegemea kiti. Alitazama vyungu, akatazama mzabibu, akaniambia huyu bibi anafagia vizuri. Uso wake ulikuwa umelegea, na mimi nikafurahi mno.

Ndipo Bi Maroula akatoka tena. Mkononi alikuwa na chetezo kidogo cha fedha, moshi unapanda, majani makavu yanatatarika juu ya makaa. Akaanza na Jean. Akamzungushia kichwani mara tatu, akasema maneno ya chini chini, akahamia kwa mwingine.

Mama alikaa wima.

"Thuraya, inuka."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Inuka nakwambia. Tumeagwa."

Mashoga zangu, mtanicheka, lakini miguu yangu ilikuwa imeshasimama yenyewe. Mimi pia nimekulia nyumba ile ile. Umeona chetezo, unasimama. Kahawa haijaja, halua haijafunguliwa, na mwenye nyumba keshatoa moshi. Kwetu huwezi kumwambia mtu toka kwa adabu zaidi ya hivyo. Mama aliweka mkono kifuani, akatabasamu tabasamu lake la matangani, akampita Bi Maroula na kile chetezo mkononi, akatoka langoni. Bi Maroula alitufuata mpaka njiani akisema maneno ya Kigiriki, sauti inapanda. Hatukugeuka.

Tulikaa ndani ya basi saa mbili, wenzetu wakitengeneza jibini. Dereva alituwashia kiyoyozi akatuacha.

"Kama hataki wageni," Mama akasema, "kwa nini alitualika?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyetualika, hii ni safari ya watalii, kila wiki wanaletwa watu wengine.

"Basi ana haki," Mama akasema. "Mwenye msiba wake, kila wiki anamiminiwa watu asiowajua. Mie ningewafukiza hata kabla hawajashuka kwenye basi." Akageukia dirisha. "Nirejeshe nyumbani, Thuraya. Kwa watu nshatosheka."

Jean aliporudi alikuwa ametufungia kipande cha jibini kwenye karatasi. Mama alimshukuru, akakitia mkobani bila ya kukitazama. Mimi nilitaka kulia kwa hasira, nikijilaumu mwenyewe. Nilimtoa nyumbani kwa hila, na sasa nilikuwa nimempa sababu nyingine ya kufunga mlango.

Mezani hotelini

Wakati wa chakula Andri alikuja mezani petu macho mekundu. Aliomba radhi. Alidhani tumeudhika kwa sababu majani yale yamebarikiwa kanisani, na kwamba angetakiwa kutuuliza kwanza.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Nikamwambia. Mama akashangaa. "Kwani nani kasema habari ya kanisa? Mwambie tumeondoka kwa sababu tumefukizwa."

Nikatafsiri. Sasa akashangaa Andri. "Lakini kwetu ndivyo tunavyokaribisha," akasema. "Majani ya mzaituni. Mgeni akiingia anazungushiwa, husuda imtoke, ndipo apewe hata maji."

Mama aliweka kijiko chini. "Muulize, na wageni wakiondoka?"

"Wakiondoka hatufanyi kitu. Tunabusiana tu."

"Na ile eda yake itakwisha lini?"

Andri alipoelewa swali alisema mume wa Bi Maroula alifariki miaka tisa iliyopita, na nguo nyeusi hazivui mpaka naye afe.

"Miaka tisa!" Mama akashika kichwa. Halafu akasema polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu, "Kwa hivo mwenzangu alikuwa ananambia karibu. Na mie nikamjibu kwaheri."

Kisha akaniambia kesho hatutapanda boti na wenzetu. Tutafute gari.

Kijijini, mara ya pili

Dereva wa teksi aliitwa Kostas, mtu mzima mwenye tumbo, aliyewahi kuishi London miaka mingi. Njiani nilimweleza mkasa mzima, naye akakubali kuwa mkalimani wetu. Mama atasema Kiswahili, mimi nitie Kiingereza, yeye atie Kigiriki.

Bi Maroula alikuwa anafagia ua. Alipotuona aliuangusha ufagio. Alikuja mbio akifuta mikono, akatuvuta ndani, na cha kwanza nilichokiona ni bakuli letu la halua, katikati ya meza, limefunikwa kitambaa cha kutariziwa. Hakulifungua. Alisema, kwa mdomo wa Kostas, kwamba alidhani ametuudhi, na zawadi ya mgeni aliyeondoka na kinyongo haiwezi kuliwa.

Mama alitaka kujieleza kwa kirefu, na akajieleza. Udi, Ijumaa, mitandio, wageni kusimama. Kostas alipofika mwisho wa tafsiri alilazimika kujishikiza ukutani kwa kicheko. Bi Maroula aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Halafu na Mama akacheka. Sijui niwaambieje. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama akicheka sana hukohoa.

Chetezo kilikuwa mekoni. Mama akauliza majani yale ndiyo ya kanisani? Kabla Kostas hajamaliza kuuliza, Bi Maroula alishatoka nje. Tulimwona dirishani ameinama chini ya mzaituni wa uani, anaokota majani makavu moja moja. Akarudi, akafungua kiganja mbele ya Mama, akaelekeza kidole kwenye mti.

"Zeituni imo katika Msahafu wetu," Mama akasema. Akakaa kitini, akashusha mtandio kidogo, akasubiri.

Bi Maroula alimzungushia mara tatu, akanizungushia mimi, akamzungushia na Kostas. Tulidhani amemaliza. Lakini alikwenda pembeni, kwenye kiti kimoja cha mbao chenye mto, ambacho hakuna aliyekikalia, akakizungushia nacho mara tatu.

"Kiti cha mumewe," Kostas akasema. Sasa hakuwa anacheka.

Mama alikitazama kile kiti. Alianza kusema akiwa bado anakitazama, na mara ya kwanza sikujua kama anasema nami.

"Ijumaa ile ya mwisho nilimfukizia baba yako kanzu yake mwenyewe. Akanambia, leo umezidisha, watu wote msikitini watanigeukia. Nkamwambia nenda, wakugeukie. Akenda. Kanzu walinirejeshea alasiri, bila ya mwenyewe, na udi bado unanuka. Tangu siku ile, Thuraya, nkiona moshi naona mtu anaondoka. Na mgeni siwezi kumwacha aende bila ya kumfukiza, aibu. Basi bora wasije. Nshachoka kuondokewa."

Kumbe ndilo hilo. Mwaka na nusu naishi naye nyumba moja, nampima presha kila Jumapili, na sikulijua. Kostas alikuwa ananingoja nitafsiri. Sikuweza. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamkumbatia miguu, akanipapasa kichwa akasema haya, basi, mwambie mwenzangu asije akadhani tunagombana.

Nikamwambia Kostas vipande vipande. Bi Maroula alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti karibu na Mama, akajibu maneno machache.

"Anasema yeye hajamfukiza mtu wa kwenda hata siku moja," Kostas akasema. "Anafukiza wa kuja tu. Anasema hata jana, alikuwa anawafukiza mje, nyinyi mkakimbia."

Mama akakohoa tena.

Halua ilifunguliwa. Bi Maroula alionja kwa kijiko kidogo, akafumba macho, akasema neno ambalo halikuhitaji Kostas. Sisi tukapewa kokwa za jozi zilizopikwa kwa sukari, maji ya baridi, mkate, na jibini la kukaanga, siku hiyo nikala kwa mara ya kwanza mpaka nikashiba. Wajukuu ni saba. Mama akanitazama kwa jicho la nilikwambia mabakuli mawili.

Tulikaa. Kila nikitazama saa, Mama hasimami, maana hakuna kitu kilichomwambia asimame. Kostas alilala kwenye kiti. Mwisho tulifika langoni, na Mama akasimama hapo kashika mkoba, anatazama huku na huku.

"Sasa tunaondokaje?" akaniuliza.

Bi Maroula akambusu, shavu hili na shavu lile, akamtia mkononi mfuko wa karatasi uliojaa majani ya mzaituni.

Kurudi

Njia ya kurudi haina makubwa. Bahraini hatukuchelewa hata dakika, na Mama alisikitika kwa kuwa kahawa ilibaki. Pale Sib ofisa wa forodha aliufungua ule mfuko, akanusa, akauliza kama ni dawa.

"Ya wageni," Mama akamjibu. Yule kijana alitutazama, akaufunga.

Yaliyobaki mlikuwepo. Mama aliwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, na mkaja Ijumaa mkiwa na hofu kidogo, nilikuoneni. Mlichokuwa hamkijui ni kwamba kabla hamjafika alinituma nishushe chetezo juu ya kabati. Mimi nilikuwa jikoni na wali, mlango wazi. Nikamwona anatia majani juu ya makaa, na chembe ya udi juu yake. Akakiendea kiti cha Baba, kile cha karibu na dirisha ambacho sote tumekuwa tukikizunguka bila ya kukikalia, akakifukiza mara tatu. Akasema kitu, sikukisikia wala sikumwuliza.

Halafu mkagonga. Mlikuwa bado mnavua viatu, naye huyo mlangoni na moshi wake. Bi Sheikha aliyekuwa mbele aliona chetezo akageuka hapo hapo, akaanza kushuka ngazi. "Haya jamani, tumeshaagwa!"

"Rudi wee!" Mama akapiga kelele, anacheka, anakohoa. "Rudi! Hii ya kuingilia."

Mkafukizwa, mkaingia, mkala. Ikafika alasiri, kahawa imepita mara tatu, na mkaanza kutazamana, kila mmoja anangoja ishara. Mwisho Bi Sheikha akajitia ujasiri akauliza, "Na ya kutokea, Bi Zayana, utatoa saa ngapi?"

Mama alikuwa amekwishakaa, miguu ameikunja, kikombe mkononi.

"Hiyo sina," akasema.